Joho la Mwaka Huu

Kerman, mwanzo wa baridi

Kwako dada Parikhan uliyenilea,

Makomamanga tumeshavuna. Yule paka uliyeniachia kazaa tena kwenye sanduku la shali.

Joho la Shah limefika. Kama kila mwaka, mume wangu alitoka na wakubwa wa mji kulipokea bustanini nje ya lango, maana asiyevikwa joho si liwali tena. Alipiga magoti, akainamisha kichwa. Mjumbe wa Shah akampita, akamvika Sarukhan, naibu wake.

Sarukhan akahangaika na vifungo. "Nisaidie, mzee, wewe umeshayazoea majoho haya." Mume wangu akamfungia kimoja kimoja. Waliokula pilau yetu juzi wakajifanya wanatazama ngoma.

Kisha mjumbe akasema, "Na wewe, Shah anakuita Isfahan." Maliwali walioitwa hivyo unawajua, dada. Hakuna aliyerudi.

Anaondoka kesho. Nilimkunjia koti la manyoya, akalitoa mzigoni.

"Njiani kuna theluji," nikamwambia.

"Shali itanitosha kwendea. Baridi ya kurudi hainihusu."

Koti hilo nimempa mleta barua hii akuletee. Mvishe mwanao.

Mdogo wako,
Gowhar