Asali Ndani ya Laptop ya Ofisi

Mpendwa Mshauri,

Salamu nyingi kutoka hapa Embu. Naomba msaada wako na naomba upesi, kwa maana leo ni Jumatatu na mambo yenyewe yanaiva Alhamisi, na wiki iliyopita ilikuwa wiki tamu kuliko zote nilizowahi kuishi na ndiyo hiyo hiyo niliyofanya kosa kubwa kuliko yote, na sijui nifurahi au nilie.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na minne, naitwa Kanana lakini jina usiliweke gazetini, nyumbani kwetu ni Nkubu, na huu ni mwaka wa nne nikiwa mpiga chapa katika ofisi ya chama cha wafugaji wa nyuki wa Mbeere. Mkubwa wetu ni Bwana Ndambiri, mtu mpole, lakini akikasirika hunyamaza, na heri kelele kuliko huko kunyamaza kwake. Mwaka jana tulipewa kompyuta ile ndogo ya kukunja, laptop, na ndani yake nimeandika majina ya wafugaji mia tatu na kumi na wanane, mizinga ya kila mmoja imetundikwa wapi, na kilo alizovuna kwa misimu mitatu. Alhamisi hii Bwana Ndambiri anaipeleka Meru mjini kuwaonyesha wageni wanaofikiria kutujengea kiwanda kidogo cha kuchuja asali na kuipakia kwenye chupa, na bila yale majina hakuna la kuwaonyesha. Niliambiwa ninakili kazi yote kwenye disketi kila Ijumaa. Disketi ziko kwa droo, lakini tangu Februari sijanakili kitu.

Sasa Mshauri, Jumatatu ya wiki iliyopita Bwana Ndambiri alikuwa Nairobi kwa semina ya wiki nzima, na Mzee Njura, mmoja wa wafugaji wetu, akaja kutoka Kiritiri na kopo la asali ya kupimwa, akaliweka mezani kwangu akasema, "Msichana wangu, hii ndiyo asali, zile zingine ni sukari," akaenda zake sokoni. Simu ikalia, nikageuka, kopo likaanguka. Asali ikamwagika juu ya laptop ikiwa imewashwa, ikaanza kuzama polepole katikati ya herufi kama inayotafuta njia, na mimi nimesimama na simu sikioni nasema halo, halo. Nikapangusa kwa kitambaa chenye maji, ikawa mbaya zaidi, kioo kikawakawaka kikazima, nikabonyeza niiwashe, ikalia mlio mmoja ikazima tena, basi nikaianika dirishani kwenye jua nikaenda kutuliza roho na kikombe cha chai, na niliporudi nikapata sisimizi wamepanga foleni kutoka dirishani hadi ndani ya laptop.

Nikaifunga kwa leso nikakimbia nayo kwa Runji, fundi wa redio aliye nyuma ya soko, mtu mzima mwenye familia, tunasali naye kanisa moja. Kabla sijamaliza kueleza alikuwa ameshaigeuza kifudifudi na kutoa betri. "Usiiwashe tena hata kidogo," akasema. "Kila ukiiwasha unaiumiza." Halafu akaniambia ukweli, kwamba laptop hajawahi kufungua hata moja. "Lakini asali inakubali maji. Ingekuwa rangi ningekwambia uende nyumbani."

Vidole vyake ni vinene, skrubu zenyewe ni ndogo kama mbegu za wimbi, basi akanipa mimi bisibisi ya saa. Akachora laptop kwenye kipande cha katoni, na kila skrubu niliyotoa tukaibandika kwa selotepu pale pale ilipotoka, zote ishirini na tatu. Mshauri, umewahi kuona ndani ya laptop? Kuna vijia vyembamba vya shaba vinapinda vinaachana vinakutana tena, hakuna kinachopotea njia, na Runji akawa ananionyesha, hiki ni cha umeme, hiki kinapeleka habari kwa kioo, nami nikasahau kabisa kwamba nimekuja nikilia. Tuliosha na yale maji safi ya kuongeza kwenye betri ya gari, siyo asidi, tukayapasha kidogo yawe vuguvugu, kwa mswaki mpya laini, sisimizi mmoja mmoja nikiwatoa kwa sindano, kisha tukapitisha spiriti ya duka la dawa. Halafu ikakaa kivulini kwenye upepo, imefunikwa neti, siku tatu. Siku hizo tatu kila saa ya chakula nilikimbia kwenda kuiangalia tu, na Runji akawa ananipa redio iliyonyeshewa niifungue nisije nikamsumbua.

Ijumaa tukairudisha yote. Runji akaniambia bonyeza wewe. Nikabonyeza, kioo kikawaka, nikafungua orodha, nikaona Njura, Kiritiri, mizinga arubaini na miwili. Nilipiga magoti hapo hapo kwenye vumbi la risasi ya kulehemu na Runji akacheka mpaka akajipangusa macho.

Jumamosi nikarudi kwake bila kuitwa. Nilifungua kikokotoo cha mwalimu kilichoingia soda, kikafanya kazi, nikafungua redio ya pili. Miaka minne nimepiga chapa na mwili haujawahi kunisisimka hivyo hata siku moja. Runji akaniambia, "Ile meza ya dirishani ni yako ukiitaka. Njoo ujifunze kazi."

Shida ni hii. Runji anasema kuna kipande kimoja ambacho asali imeingia chini yake na hakuweza kukinyanyua, inaweza kukaa mwaka, inaweza kuzima kesho. Na leo asubuhi Bwana Ndambiri amerudi, ameiangalia laptop, akasema, "Kanana, umeitunza vizuri, inang'aa," nami nikajibu asante. Nikimwambia atanifuta kazi. Nisipomwambia pengine itapita salama. Na hiyo meza ya Runji inaniita, lakini mama kule Nkubu ameshawaambia akina mama wote wa kanisa kwamba binti yake anakaa ofisini kwenye kiti cha kuzunguka, nitamwambiaje kwamba nataka kukaa kwenye stuli nyuma ya soko? Nitampa dereva wa gari la kesho asubuhi bahasha hii ikufikie upesi. Nisaidie.

Mwenye Siri, Embu.

MSHAURI ANAJIBU

Kanana mwanangu, kwanza nikucheke kidogo. Unaniambia nifiche jina lako, na umeniandikia kwenye karatasi ya ofisi yenye jina la chama na nambari ya simu juu. Siku hizi chache zilizopita zimebadilisha mambo na umeniruhusu kuliandika, ndiyo maana nalitaja.

Wasomaji waelewe jinsi ilivyokuwa. Barua ilinifikia Jumanne mchana. Mkutano ni Alhamisi, na gazeti hili hutoka Jumapili. Ningekujibu hapa tu, ningekuwa nampa dawa mgonjwa aliyekwisha kuzikwa. Kwa hiyo nikafanya nisilofanya, nikapiga ile nambari. Akapokea mwanamume mwenye sauti ya taratibu.

"Nataka kuongea na Kanana."

"Wewe ni nani?"

"Shangazi yake," nikasema. Naam, nilidanganya, nami ninayekaa hapa kila wiki kuwafundisha watu kusema ukweli. Hilo nimekwisha kumwomba radhi Bwana Ndambiri.

Ulipokuja kwa simu nilikuuliza swali moja: kopo lilianguka vipi? Kwa maana uliandika habari ya kila skrubu na kila sisimizi, lakini kopo ulilipa maneno mawili, likaanguka. Kopo lenye kifuniko halianguki hivyo likamwaga kila kitu. Ukasema kwa sauti ndogo kwamba ulifungua kifuniko uonje, kidole kilikuwa mdomoni simu ilipolia, na kiwiko ndicho kilichosukuma. Haya. Ukweli ukaanzia hapo.

Nikakugombeza, na narudia mbele ya watu ili wengine wajifunze. Kuonja asali nakusamehe. Laptop ilipowaka Ijumaa, jambo la kwanza lilikuwa kunakili yale majina kwenye disketi kabla haijazima tena, na wewe ukapiga magoti. Jumamosi ukaenda kufungua redio. Jumatatu ukasema asante. Siku nne nzima kazi ya watu mia tatu na kumi na wanane imekaa juu ya tone la asali, na wewe unafikiria kiti chako.

Nikakwambia: nakili sasa hivi, mara mbili, seti mbili. Ukimaliza, ingia kwa mkubwa wako na disketi mkononi, umwambie yote, na usiseme likaanguka. Sema nililiangusha. Mwombe Runji asimame nje ya mlango, aitwe akihitajika kueleza mambo ya ufundi, lakini asikusemee.

Ulifanya hivyo, na kwa hilo nakupa heko, kwa maana wengi huniandikia waambiwe la kufanya na wasilifanye. Unasema Bwana Ndambiri alinyamaza hadi ukasikia watu wakibishana bei ya viazi huko barabarani. Kisha akauliza, "Majina yako wapi?" Ukamwekea seti zote mbili mezani. Moja akaitia mfukoni, ya pili akakurudishia.

"Hii utakuja nayo Meru," akasema. "Na barua ya onyo utaandikiwa."

"Nani ataipiga chapa?" ukauliza, kwa maana mpiga chapa ni wewe.

"Wewe."

Ukaipiga, akatia sahihi, iko kwenye faili yako. Umestahili.

Alhamisi mkaingia kwenye chumba cha mkutano, wageni watano wamekaa, Bwana Ndambiri akafungua laptop, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Akakugeukia, nawe ulikuwa umeshasimama, unamwomba karani wa ofisi ile akuazime kompyuta yake kubwa. Ijumaa uliponipigia simu ulikuwa unaongea haraka nikakosa nusu ya maneno, lakini hili nililisikia vizuri: disketi ikaingia, orodha ikafunguka, na mgeni mmoja akavuta kiti karibu akasoma majina yote hadi mwisho. Kiwanda hawajaahidi. Wamesema mwezi ujao wanataka kuja Kiritiri kuiona mizinga kwa macho. Hiyo ni hatua, na ungenyamaza isingekuwepo.

Na nyinyi wengine ambao mashine hizi zimeanza kuingia maofisini mwenu, msingoje asali. Iwe chai, uji au maji ya mvua, zimeni mara moja, toeni waya ukutani, toeni betri, ziinamisheni kimiminika kitoke kilikoingilia. Msizipangushe kwa kitambaa kilicholowa kama Kanana. Msizianike kwenye jua kali wala karibu na jiko, na msiziwashe kujaribu, hata kama roho inawawasha. Kitu chenye sukari hakikauki kikaisha, lazima kioshwe na mtu anayejua. Na kila Ijumaa nakilini.

Sasa meza ya dirishani. Kanana, kiti cha kuzunguka usikiache mwezi huu. Una barua ya onyo kwenye faili, na ukiondoka leo watasema umekimbia. Wageni wanakuja Kiritiri, kilipie chama kosa lako kwa kazi safi hadi ziara hiyo ipite. Lakini Jumamosi ni zako. Nenda kwa Runji kila Jumamosi, na mwambie akufundishe kwa utaratibu, siyo kukupa redio ili usimsumbue. Uliza katika chuo cha ufundi kilicho karibu kama wanafundisha mambo ya umeme wa redio, na ukiambiwa hayo ni ya wavulana, uliza mara ya pili kwa sauti kubwa zaidi. Baada ya miezi sita, kama mwili bado unasisimka, andika barua ya kuacha kazi, nayo uipige chapa bila makosa.

Umeniambia Bwana Ndambiri ameipeleka laptop iliyozima kwa Runji na kusema ifunguliwe tena na yule yule aliyeifungua mara ya kwanza, yaani wewe, kwa maana hana la kupoteza na majina anayo mfukoni. Na umeniambia mama yako anakuja Embu Jumamosi ijayo kukuona. Usimpeleke ofisini. Mpeleke nyuma ya soko, mpe stuli karibu nawe penye mwanga, mshikishe ile katoni ya skrubu aishike vizuri isipinduke, kisha anza na skrubu ya kwanza, na umweleze unachofanya.