Jenereta ya Mzee Muema

Alhamisi, Kathonzweni. Jua limewaka tangu asubuhi na vumbi limeingia hadi kwenye chai. Nina hasira na sijui niiweke wapi.

Jumamosi tunamzika Kioko, binamu yangu. Alikuwa fundi wa laini za stima. Wiki iliyopita alipanda nguzo karibu na kanisa letu kuunga waya uliokatika. Waya ukamuua.

Matangani wanasema alikuwa mzembe, hakuzima stima. Hata mama yake ameanza kusema hivyo, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Mimi hufunga stima kwenye nyumba za watu, kwa hivyo nilikuwa na shaka. Transfoma hupunguza umeme mkali wa nguzo ndipo uingie nyumbani. Lakini haichagui upande. Ukiisukumia umeme kutoka nyumbani, itaupandisha uwe maelfu ya volti na kuurudisha kwenye nguzo. Sikujua tu ni nani aliyesukuma.

Leo nimejua.

Mzee Muema, shemasi wetu, alileta jenereta ya kanisa ili spika zifanye kazi wakati wa maombi, maana stima haijarudi. Akatoa waya wenye plagi pande zote mbili. Moja akaichomeka kwenye jenereta, nyingine kwenye soketi ya ukuta wa Mama Kioko. Huku kwetu wengi hufanya hivyo ili nyumba nzima iwake, na meni swichi, ile inayotenga nyumba na laini ya nje, hakuna anayekumbuka kuizima. Wenzake Kioko walikuwa wamepita punde tu, wakienda kumalizia ile laini.

Niliruka viti nikachomoa plagi kabla hajawasha, kisha nikamweleza kwa nini.

"Lakini mtoto wangu," akasema polepole, "hata siku ile ya Kioko, kwenye mazoezi ya kwaya, nilifunga tu hivi pale kanisani."

Akayasikia maneno yake mwenyewe. Akaketi chini palepale kando ya jenereta.

Mama Kioko alikuwa mlangoni na sufuria ya muthokoi. Alikuwa amesikia yote. Hakumtazama mzee, alinitazama mimi.

"Kwa hivyo Kioko alizima?"

"Alizima, mwaitu. Alizima, mama."

Kuna waya wa kupeleka umeme ardhini ambao alipaswa kuufunga kabla ya kushika laini, na hakuufunga. Hilo sikumwambia.

Akaweka sufuria chini. "Na mimi nimemsema mtoto wangu mbele ya watu wote hawa," akasema, na akalia vile hajalia wiki nzima.

Mzee Muema ndiye amepangiwa kuomba kaburini. Sijui kama nitaweza kusema amina.