Kunguni wa Bweni la Gongoni

Jumatatu, 3 Machi
Bweni tena. Nimeshapuliza dawa mara mbili, vitanda vyote, na leo nimekuta kunguni watatu hai kwenye tendegu moja. Hasira. Dawa si mbovu, niliichanganya mwenyewe. Matroni anasema kawaleta Leokadia, wa kidato cha pili, kutoka Ulyankulu. Wamemchomea godoro. Analala stoo, peke yake. Ijumaa kuna kikao cha kumrudisha kwao.

Jumanne, 4 Machi
Sikupuliza. Nimekagua tu, kwa tochi, ufa kwa ufa. Kitanda cha Leokadia ni safi. Hakuna doa hata moja. Wamejaa kona ya mashariki, mbali naye kabisa. Mkuu wa shule anataka nipulize niondoke. Siondoki.

Jumatano, 5 Machi
Nimekwenda stoo. Leokadia aliniamkia, akarudi nyuma hadi ukutani.
"Usinikaribie, mama. Nitakuambukiza."
Nikaketi kwenye mkeka wake.

Alhamisi, 6 Machi
Nimewapata. Nyuma ya kona ile ni chumba cha matroni. Alinizuia nisiingie. Nikamwambia basi tukamwite mkuu. Akafungua. Sofa la mtumba. Nililigeuza; kwenye mishono wamejaa kama ufuta. Wanapitia tundu la waya wa umeme.
Matroni akafungua mtandio. Shingo nzima mabaka.
"Tangu Januari," akasema. "Niliona aibu."
Nilitaka kumfokea. Nikashindwa. Lakini nilimwambia: kesho utasema wewe, si mimi.

Ijumaa, 7 Machi
Amesema. Mbele ya mkuu na walimu wote. Kisha akaenda stoo kumwomba mtoto radhi. Sikumfuata, hayakunihusu.
Nimeziba tundu kwa saruji. Sofa nje. Mashuka kwenye maji yanayochemka, magodoro juani. Nimepuliza vyumba vyote viwili. Mgongo hauna hali.

Ijumaa, 21 Machi
Ukaguzi wa mwisho. Wasichana wako darasani, bweni kimya. Hakuna mdudu, hakuna yai.
Kanuni yangu ni vitanda viachane. Cha Leokadia kimesogezwa, kimegusana na cha jirani yake, chandarua kimoja kimefunika vyote viwili. Nimevikagua kwa makini, mishono yote.
Nikaviacha vilivyo.