Magodoro Juani

Nyasubi, Jumamosi

Kamba. Mjomba ametoka Kagongwa na kamba, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka sasa. Hata kuuliza hakuuliza.

Jirani yangu wa ua huu huu, Mama Rehema, ndiye aliyempigia simu mjomba: "Masanja kaanza tena. Katoa magodoro yote nje, mpaka langu! Mrudisheni wodini." Tangu kaka yangu Masanja atoke hospitali ya wagonjwa wa akili, watu wanamvizia tu akosee. Habari iliponifikia sokoni nimeacha mchele wangu hukohuko, nikakimbia nyumbani roho mkononi.

Nimemkuta uani, magodoro kayapanga juani, anayakung'uta kwa fimbo na kuyageuza. Mjomba kasimama mlangoni na kamba yake ya kumfunga.

"Shikamoo mjomba," Masanja akasema kwa upole. "Kule wodini kila Jumamosi tulikuwa tunaanika magodoro. Ninyi huku hamwaniki?"

Mjomba akaiweka kamba chini. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Kumbe ni usafi aliofundishwa hukohuko, nasi tulitaka kumrudisha kwa huohuo!

Bado naogopa, sitajidanganya. Huenda akaugua tena, na ikibidi kurudi wodini, atarudi. Lakini atapanda basi na kukaa kitini kama mtu, nami pembeni yake. Kwa kamba, hapana.

Mjomba kaondoka bila kamba yake. Masanja akaifunga uani, kutoka ukuta hadi ukuta, na Mama Rehema akaja kuanika shuka zake.