Ivy Amempeleka Nyanyake Kona

Mshauri mpendwa, nakuandikia kutoka Kitale na naomba usinicheke, maana mume wangu Wakoli ameshanicheka vya kutosha. Nina mtoto mmoja, Ivy, wa miaka minane, na nimemlea kwa sheria, kwangu hakuna kuongea mezani, sahani lazima imalizwe, na anayekosea anasimama kona akiangalia ukuta mpaka niseme basi, hata majirani walikuwa wananiuliza nimefanyaje mpaka mtoto ametulia hivyo, nami nikawa najivuna. Mwezi wa nane tulimpeleka kwa mama mkwe huko Malakisi akae wiki tatu, na siku ya nne tu simu ikalia, "Phelista, kuja uchukue mwalimu mkuu wako!" Kumbe mama mkwe alikuwa amebakisha sukuma wiki kwa sahani huku akisimulia mambo ya kanisa, Ivy akamzimia redio na kumwambia, "Kukhu," yaani nyanya, "enda kona, na usigeuke mpaka niseme," na mama, mzee wa miaka sabini na moja, ati akaenda! Alisimama huko dakika mbili nzima ndipo akajiuliza, "Na mimi nimekosea nani?" Aliniambia, "Sauti ilikuwa yako kabisa, hata mimi niliogopa."

Nikafunga safari kwa hasira. Nilipofika nilimsikia Ivy nyuma ya nyumba akicheka na binamu zake, kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwangu, nikaita hodi, kukanyamaza, na nilipoingia nilimkuta amesimama kona tayari na hakuna mtu alikuwa amemwambia kitu. Mama mkwe alinikataza kumgusa, nikarudi mikono mitupu. Sasa nimpe adhabu gani mtoto aliyemdharau nyanyake hivyo?

Phelista, Kitale

Phelista, pole, lakini nimecheka, unisamehe. Sasa tuongee. Unataka kumwadhibu Ivy kwa kosa gani? Hakumdharau nyanyake. Alikuwa anamtunza, vile wewe unavyomtunza yeye, maana hajaonyeshwa njia nyingine. Na mtoto anayejipeleka kona akisikia tu hodi ya mamake hajatulia, anaogopa. Hao majirani walikudanganya, na wewe ukapenda kudanganywa.

Sisemi nyumba ikose sheria. Mtoto asiye na sheria naye angekufanya uniandikie barua nyingine. Lakini sheria bila mazungumzo ni polisi, si mama.

Jumamosi hii rudi Malakisi. Muombe mama mkwe msamaha Ivy akisikia, kisha umwambie Ivy, "Mimi nimekosea." Atashtuka, mwache ashtuke. Mwache pia amalize likizo yake. Akirudi Kitale na akikosea, keti naye chini, umuulize ilikuwaje, na ufunge mdomo mpaka amalize kujibu. Najua hapo ndipo utatoka jasho.

Na kabla hujaondoka Malakisi, nenda nyuma ya nyumba uwaulize hao watoto walikuwa wanacheka nini. Wakikuambia, cheka nao. Wakikataa, usiwalazimishe: ingia jikoni, uoshe vyombo vya mama mkwe, ungoje kuitwa.