Sefu, ile lokomotive usiiwashe

Sefu,

Mboga ya pondu iko ndani ya nyungu, pasha moto mwenyewe. Mulango usifunge na ufunguo, mutu anaweza kurudi.

Na ile lokomotive yako ndogo ya bati, kile kichwa cha treni ulitengeneza, usiiwashe tena humu nyumbani. Ulitaka moshi na sauti ziwe za kweli. Bon, zilikuwa za kweli. Asubuhi uliijaribu, ukaenda kazi. Koko, babu yako, alisikia klaksoni, akanusa ule moshi wa mafuta ya mazutu, akaamka mwenyewe, akavaa koti yake ya wakati alikuwa akiendesha treni. Akaniambia, “Treni ya Ubundu haingoji mutu.” Nikacheka. Nikaingia kumupikia chai, kutoka, hayuko.

Watu wa pirogi wanasema walimuvusha mto mpaka Lubunga. Nimeulizisha, kwenye gare ya treni hayuko. Alifuata reli kwa miguu, ndani ya majani.

Ninavuka na tonton Rashidi kumutafuta. ~~Ukifika, ile kitu uivunje.~~

Hapana, usiivunje. Vuka nayo, pamoja na ile bafle kubwa ya kutolea sauti yake, upige klaksoni pale kwenye reli, kwa nguvu. Sisi tutamuita jina, lakini jina lake alishalisahau.

Mama yako