Maneno ya Baba Yenu kwa Penseli

Wanangu,

Chai iko kwenye chupa. Mkutubi akija kuchukua vitabu vya marehemu baba yenu, mpeni ~~maboksi yote~~ boksi la vitabu vya historia tu. Humo kaandika "Mwongo huyu!" karibu kila ukurasa; wacha wakabishane naye huko maktaba.

Riwaya msiziguse. Asubuhi hii nimemaliza ile niliyomwambia miaka yote kuwa inachosha. Chini ya mstari wa mwisho kaandika kwa penseli: "Mke wangu, umefika? Nilijua utaisoma nikishaondoka." Nikamjibu kwa sauti, "Nimefika. Ni nzuri, umenishinda." Kisha nikakaa pale sakafuni, nikisubiri anicheke.

Nimechelewa kazini.

Mama yenu